Risasi Isiyolia

Makomredi, kuna risasi za aina mbili. Ya kwanza tunaijua. Inalia, mtu anaanguka, kesho yake tuko barabarani. Ya pili ni yale madini ya risasi yaliyo ndani ya betri za gari. Hiyo hailii. Inakaa kwenye vumbi la sakafuni, mtoto anatambaa, anatia kidole mdomoni, basi. Nyumbani hamna anayeshtuka, mpaka siku mwalimu aseme mtoto hashiki masomo.

Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Inajificha kwenye mifupa, na ubongo ukishaharibika haurudi ulivyokuwa.

Sasa twende Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi pale, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido aliajiriwa humo mwaka 2009, na haikuchukua muda mtoto wake aliyekuwa akinyonya akaugua. Alipopimwa, damu ilikuwa na risasi. Mama huyo akaacha kazi, akaanza vita. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Tarehe 16 Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kuamuru udongo na maji yasafishwe ndani ya miezi 4. Na nani alikimbilia Mahakama ya Rufaa? NEMA! Mamlaka iliyoundwa kutulinda ndiyo iliyokwenda kupinga wananchi kulipwa. Mwaka 2023 ushindi ukavurugwa, mpaka Mahakama ya Juu ilipourudisha Desemba 2024. Piga hesabu: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa ametimiza miaka 17. Utoto wote umeisha kortini.

Mimi nasomea sheria, na hukumu hii naiheshimu sana. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 53 kinasema maslahi ya mtoto yatangulie. Lakini hukumu haifagii vumbi. Mtoto anayetambaa leo halindwi na karatasi yenye muhuri. Anayemlinda ni yule atakayekuja na koleo kuondoa ule udongo, na muuguzi atakayempima damu.

Watasema wazazi wawe waangalifu. Sawa, na tuwe. Kama unafanya kazi na betri, badilisha nguo na uoge kabla ya kumbeba mtoto. Deki kwa kitambaa kibichi, usifagie vumbi kavu. Mlango au kitanda chenye rangi ya zamani inayobanduka, usikiparure mtoto akiwa karibu. Maji yenye risasi hayasafiki kwa kuchemshwa. Mpe mtoto omena, sukumawiki na maziwa, maana mwenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi.

Lakini jamani, mama ataosha mikono ya mtoto mara ngapi kwa siku ikiwa uwanja wenyewe ndio sumu? Kiwanda hakikuletwa na mama. Ukisikia afisa anahubiri usafi bila kutaja nani aliruhusu kile kiwanda, jua anakwepa.

Na tuseme ukweli hata ukituuma. Kutoka 2007 hadi leo serikali zimebadilika, na wengine wa wakubwa wetu wa sasa walikuwa ndani. Hatuwezi kupiga kelele kwa wengine tu.

Kwa hivyo vijana wa chama tudai mambo matatu, na wabunge wetu wayabebe. Fidia ilipwe yote, na pesa zionekane kwenye bajeti. Udongo wa Owino Uhuru usafishwe. Tatu, kipimo cha risasi kwenye damu kipatikane bure katika hospitali za umma kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi karibu na mahali betri zinavunjwa, iwe kiwandani au jua kali.

Mjumbe akija kuomba kura, usimuulize fulana. Muulize hayo.