Zima Redio, Bwana!

Huko Marekani wako watu wasiotupa maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Huyaokota, wakaenda nayo nyumbani, wakayatia fataki mpya, baruti na risasi. Nilipokuwa mgeni Ohio, mwenyeji wangu alinionyesha meza yake: mbao nene, imekazwa ukutani isitikisike, juu yake mtambo wa mkono wa kushindilia, na kando mzani mdogo.

Mwanzo nilidhani ni ubahili tu. Mzani ndio ulioninyamazisha. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo kilichotokana na punje ya shayiri. Ratili moja ni greni 7,000! Chuoni, tulipohifadhi Surat al-Mutaffifin inayowaonya wapunjao vipimo, nikidhani mzani ni shughuli ya muuza duka. Kumbe hapa kinachohofiwa zaidi ni kuzidisha. Ganda likitiwa baruti mara mbili kwa kusahau, bunduki yaweza kumpasukia mwenyewe usoni.

Basi mimi nasema meza hiyo ipewe chumba chake, chenye mlango wa kufungwa. Isiwe meza ya chakula asilani: fataki nyingi zina madini ya risasi, na vumbi lake huliwa pamoja na mkate. Wala pasiwe na soga.

Mwenyeji wangu alikuwa na redio pale, inalia. Nikamwambia aizime. Alinitazama kama mtu anayefundishwa kazi na asiyeijua, na kweli siijui. Lakini aliizima, akarudia kupima tangu ganda la kwanza.