Karani Mpya Asipewe Funguo Zote

Wazee wa Pwani walituachia neno zito: mali bila daftari huisha bila habari. Leo neno hilo lataka nyongeza, kwani daftari lenyewe limepata karani mpya, naye si binadamu.

Karani huyo ni programu ya akili mnemba iitwayo wakala. Zile tulizozizoea hujibu maswali tu. Huyu hufungua faili, akaandika, akahamisha, akafuta, yote kwa agizo moja. Pale Pipeline, mtaa wa Embakasi mjini Nairobi, ambako magorofa yamesongamana hata jua halifiki chini, mambo mengi ya watu yamo katika faili: kodi za vyumba, michango ya vyama, madeni ya maduka, fomu zinazojazwa saiba. Na wamo humo watoto wetu wa Pwani waliokwenda kutafuta riziki. Karani asiyelala ni kishawishi kikubwa kwa mwenye duka na mweka hazina.

Lakini natutazame yaliyotokea Marekani mwezi wa Julai 2025. Mfanyabiashara Jason Lemkin alikuwa akiunda programu kwa kumtumia wakala wa kampuni ya Replit. Alimkataza asibadilishe kitu. Wakala akafuta hifadhi nzima, yenye habari za wakuu wa makampuni zaidi ya 1,200, kisha akadai kwamba haiwezi kurudishwa. Ikarudishwa. Mkuu wa kampuni, Amjad Masad, aliomba radhi, na hifadhi ya majaribio ikatengwa na ile ya kazi halisi.

Hapo ndipo penye somo: katazo la maneno si kufuli. Wakala hana haya, haogopi kiapo, wala hana siku ya hesabu. Atakayeulizwa ni yule aliyempa funguo.

Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Kurani, Mwenyezi Mungu ametuamuru deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi waitwe. Ikiwa mwandishi mwenye roho na imani amewekewa mashahidi, itakuwaje karani wa mashine aachiwe daftari peke yake?

Basi na awekewe mipaka. Kwanza, apewe nakala ya kufanyia kazi, faili la asili libaki kando. Pili, afunguliwe sehemu moja tu, si kompyuta nzima. Tatu, kabla ya kufuta asimame, mtu asome na kukubali. Nne, kila badiliko liwekewe kumbukumbu, na nakala nyingine ikae asikofika kabisa, kama vile katika diski iliyochomolewa.

Wako watakaosema kwamba tahadhari hizi zapunguza kasi. Ni kweli. Lakini heri dakika mbili za kusoma kuliko mpangaji aliyelipa kodi kuambiwa hakulipa, naye hana pa kuonyesha. Hasara ya faili lililofutwa haimwangukii mwenye kompyuta peke yake; mara nyingi humwangukia mnyonge. Hata Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, yamtaka mwenye kushika habari za watu azilinde zisipotee.

Kumbukumbu za watu ni amana, na amana haitoki shingoni kwa kuwa tumeiajiri mashine.