Kustaafu si kugeuka gofu

Msomaji mpenzi, kuna asubuhi moja ambayo hakuna chuo kinachomfunza mtu namna ya kuikabili. Ni ile Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu. Saa kumi na moja na nusu macho yanafumbuka yenyewe kama yalivyozoea kwa miaka thelathini na ushei. Mguu unatafuta kiatu. Kisha akili inamwuliza mwenyewe: unakwenda wapi? Kengele ya shule italia bila yeye, na daftari la mahudhurio litatiwa sahihi na wengine.

Kwa watumishi wengi wa umma humu nchini, asubuhi hiyo huwafikia wakiwa na umri wa miaka 60. Zamani ilikuwa 55, hadi umri huo ulipoongezwa mwaka 2009. Hebu piga hesabu. Mtu akijaliwa kufika miaka 80, ana miaka ishirini mizima mbele yake. Huo ni muda wa kutosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuingia chuo kikuu. Je, ataupitisha akifanya nini?

Mwulize mtu wa Nairobi, naye atakujibu upesi: gofu na safari. Ndiyo picha tuliyojengewa vichwani. Mzee wa kofia nyeupe, fimbo kumi na nne mkobani, kijana wa kumbebea nyuma yake, na jioni soga klabuni. Mchezo wenyewe haukuingia jana. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na mashindano ya Kenya Open yalianza mwaka 1967.

Mstaafu wa Garsen akitamani mchezo huo, sharti apande gari asafiri zaidi ya kilomita 100 hadi Malindi. Kwetu hakuna uwanja wa gofu. Mashimo kumi na manane tunayo, tena yanapita hapo, ila yako kwenye vijia vya kuelekea vijijini na hakuna anayeyapigia mpira.

Lakini tusiucheke mchezo wa watu. Tuuchambue. Gofu humpa mstaafu mambo manne: humwamsha mapema, humtembeza kilomita kadhaa, humkutanisha na rika lake, na humpa hesabu ya kuweka ili kesho apite alipofika leo. Ukiyatazama hayo manne, hakuna hata moja linalohitaji nyasi za kukatwa kwa mashine. Mtu anaweza kuyapata akiwa Garsen, Minjila, Ngao au Tarasaa, mradi awe na la kufanya.

Kuna jambo jingine. Katika Kiswahili chetu, neno gofu lina maana nyingine, na hiyo ni ya kale zaidi. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Paa limekwenda, wenyewe wamehama, popo wamehamia. Hapo ndipo penye hofu yangu, msomaji. Wengi wa wastaafu wetu hawachezi gofu. Wanageuka gofu.

Umewaona. Asubuhi kiti kinatolewa nje, kinawekwa chini ya mwembe upande wa magharibi. Jua likipanda, kiti kinasogezwa. Jua likigeuka, kiti kinahamishiwa upande wa pili. Hadi magharibi kazi pekee aliyoifanya mzee ni kukifuata kivuli. Redio inazungumza, yeye anasinzia. Akichoka na kiti huingia jikoni, na hapo ndipo balaa. Mama wa nyumba aliyeiendesha nyumba hiyo peke yake miaka yote, mumewe akiwa kazini Hola au Mombasa, ghafla ana mkaguzi anayeuliza kwa nini sukari inaisha upesi.

Isitoshe, simu nayo haitulii. Kila aliye na undugu naye, wa damu na wa kubandika, amesikia kwamba kiinua mgongo kimetoka. Mpwa anataka karo, jirani anataka mtaji wa bodaboda, na rafiki wa zamani ana shauri la biashara isiyoweza kupata hasara. Kuhusu pesa sitasema mengi leo, ila hili: keti na mkeo kwanza kabla ya kuketi na yeyote mwingine. Wekeni kando fungu la maradhi na fungu la chakula, kisha ndipo msikilize maombi. Mkono mtupu haulambwi, na mzee aliyegawa vyote hubaki kuombaomba kwa wale wale aliowagawia.

Baada ya pesa kuna siku zenyewe. Siku isiyo na mpango huwa ndefu kuliko mwaka. Garsen joto halina huruma, kwa hiyo kazi ya mikono ni ya alfajiri: kushuka shambani kando ya mto, kupalilia, kutazama miembe na migomba, na kurudi kabla ya saa nne. Hayo ndiyo matembezi ya gofu, tena bila ada ya klabu. Mchana ni wa kupumzika. Alasiri kuna bao na wenzako, na huko nako kuna kuhesabu na kushindana. Waama, aliyeamka na kazi tatu za kufanya, hata zikiwa ndogo, hana nafasi ya kukagua sukari.

Sasa tuje kwenye safari. Mwislamu hutamani Makka, Mkristo hutamani Yerusalemu, na vijana waliofanikiwa siku hizi huwapeleka wazazi wao Dubai. Hizo ni safari za heri, na mwenye uwezo aende mapema angali ana nguvu za magoti. Lakini nina swali kwako wewe uliyezaliwa kando ya Tana. Je, mto wako umeujua?

Anza karibu. Nenda Ngao, ambako wamishenari wa Kijerumani wa Neukirchen walianza kazi katika karne ya 19. Nenda Golbanti, ambako mmishenari wa Kimethodisti John Houghton na mkewe Annie waliuawa mwaka 1886 katika shambulio la Wamaasai. Pita Ziwa Shakababo ukawatazame wavuvi. Hizo ni safari za siku moja, na chakula cha kubeba kinatosha.

Ukirudi, panga ya pili. Vuka mto kwa daraja la Idsowe. Vuka polepole na uwasimulie wajukuu juu ya feri ya zamani iliyovutwa kwa mikono, na abiria waliolala ng'ambo mto ulipofura. Fuata barabara ya Witu, ambayo ni sehemu ya ile ya kilomita 135 kutoka Garsen hadi Lamu iliyotiwa lami miaka hii ya karibuni. Uliza hali ya usalama kabla ya kuondoka, maana eneo hilo limeona mashambulizi tangu mwaka 2014. Kisha teremka Kipini, mto unapokutana na bahari baada ya safari ya kilomita 1,000 hivi. Karibu na hapo yako magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wa kale ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua na kuuandikia kitabu kilichochapishwa mwaka 1966. Na katika nchi hiyo hiyo ya Ozi na Kipini ndiko masimulizi yanakoliweka kaburi la Fumo Liyongo. Hapo ndipo mstaafu wa Garsen anapokwenda kwenye gofu lake!

Safari ya tatu ni ya kupanda mto. Njiani kuna hifadhi iliyotengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega wekundu wa Tana na kima aina ya mangabei, wanyama wasiopatikana popote duniani ila kwenye misitu ya mto huu. Mbele yake ni Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hapo hadi wakafa. Serikali ya kikoloni ilitoa taarifa iliyoyahusisha mauti yao na maji waliyokunywa. Uchunguzi ndio uliokuja kubainisha kwamba walikufa kwa majeraha. Tafakari hilo, msomaji. Karatasi ya serikali ilisema maji, ilhali waliokuwapo walijua ni virungu.

Ndiyo maana nasema safari hizi si za kupiga picha tu. Kuna mambo ambayo karatasi haiyajui, au inayajua kombo, na yamo kichwani mwa mzee mwenye kiti chini ya mwembe. Siku akiondoka, yameondoka naye.

Chukua mto wenyewe. Tana hautulii mahali pamoja. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji huko Belazoni wa kuuunganisha na Mto Ozi, nao mto ukaufuata mfereji, ukaacha mdomo wake wa zamani na kuingia baharini Kipini. Mwaka 1989 ulihama tena huko juu, ukaziacha pampu za mradi wa unyunyizaji wa Hola bila maji, na mradi ukaanguka. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yaliuvunja mradi wa mpunga wa delta uliokuwa chini ya shirika la TARDA. Aliye na miaka sabini na zaidi leo aliyaona hayo, na yale ya 1961 aliyaona akiwa mtoto. Anajua maji yalifika mwembe upi.

Kijana wake hajui. Tangu mabwawa yajengwe huko juu, likiwamo la Masinga la mwaka 1981, mafuriko hayaji tena kwa kawaida ile ya mababu. Miaka inapita pakavu, kijana anaona uwanda mzuri, anajenga. Kisha mvua zinanyesha nchi nzima, mabwawa yanajaa, na maji yanakuja kuchukua njia yake ya zamani, kama yalivyofanya mwaka 2018, na tena kati ya 2023 na 2024. Maji hufuata mkondo. Lau babu angetembea na mjukuu hadi pale akamwonyesha kwa kidole, nyumba ingejengwa hatua mia mbili nyuma.

Tena kuna malka, zile njia za mifugo za kushukia mtoni. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei, na wakulima wa Kipokomo, wamezitumia na kuzijadili kwa vizazi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii, wakiwamo akina mama na watoto. Sababu zilikuwa nyingi na siasa ilikuwamo, lakini ardhi na maji vilikuwa katikati. Penye wazee haliharibiki neno, walisema wahenga. Wapokomo wana Gasa yao, Waorma wana Matadeda yao, na mabaraza hayo yanajua wapi babu huyu na babu yule walikubaliana mifugo ipite. Mwenye kujua hilo na akanyamaza amewaachia wajukuu ugomvi kuwa urithi.

Kwa hiyo, mstaafu, nunua daftari. Wewe uliyeandika ripoti za idara au maandalio ya masomo kwa miaka thelathini hushindwi na daftari moja. Andika kijiji chenu kilikuwa wapi kabla hakijahama, na kilihama kwa sababu gani. Andika mwembe ulipandwa na nani, kwa maana penye mashamba ya mtoni mwembe ni shahidi kama hati. Andika malka ilipita wapi, na usiandike ya upande wako peke yake. Mwite mzee mwenzako wa jamii ya pili, tembeeni pamoja, na mnapotofautiana andikeni zote mbili. Mjukuu naye ana simu ya kunasa sauti. Mpe kazi hiyo badala ya kumlalamikia kwamba haitoi mkononi.

Wala usimsahau mkeo. Mengi ya nyumba anayajua yeye: nani alinyonyeshwa na nani mwaka wa njaa, jina gani lilitoka kwa nyanya yupi, watoto walibembelezwa kwa wimbo gani. Usidhani nyimbo hizo ni kitu kidogo. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki iliyotafuta wimbo wa taifa la Kenya ilichukua mahadhi ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto wao. Kila tunaposimama wima bendera ikipanda, tunaimba sauti ya mama wa mtoni. Jiulize ni nyimbo ngapi nyingine zilizokwisha kuzikwa na wenyewe kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Alhasili, acha kiti kipumzike kesho. Amka saa ile ile uliyoizoea, mchukue mjukuu mkono, mshuke mtoni kabla jua halijakali, umwonyeshe maji yalipofika. Ukirudi, kaa na mama watoto uandike ukurasa mmoja. Mmoja tu kwa siku, na ifikapo mwisho wa mwaka una kitabu ambacho hakuna maktaba iliyo nacho. Na mwenye kucheza gofu Malindi aendelee kucheza, mradi daftari limo mkobani pamoja na zile fimbo kumi na nne.

Jumapili njema, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.