Kilo Kwanza, Sindano Nyuma

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaobaki na mugonjwa nyumbani, tusikilizane juu ya dawa za fangasi. Flukonazoli wengi wanaijua: dawa ya vidonda vyeupe vya mdomoni. Ni kweli. Kwa vidonda hivyo miligramu 100 ao 200 kwa siku zinatosha, wiki moja ao mbili.

Lakini kuko fangasi ingine, kriptokoki, inaingia mpaka ku ubongo wa mwenye Sida wakati kinga yake imeshuka. Kichwa kinauma siku nyingi, shingo inakaza. Huyo ukimupa vidonge viwili vya duka, unamupoteza. Tangu 2022 OMS inashauri amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, mara moja tu, miligramu 10 kwa kila kilo ya mugonjwa, pamoja na flusitosini, na flukonazoli miligramu 1200 kila siku kwa siku 14. Hiyo ni kazi ya lopitali, hapana ya nyumbani.

Sasa hatari njo hii: amfoterisini ziko mbili. Ile ya zamani haipite miligramu 1 hivi kwa kilo kwa siku. Muntu wa kilo 50 anapata 50. Kwa ile ya mafuta anapata 500. Wakimupa ya zamani kwa hesabu ya mpya, moyo unaweza kusimama. Na zote mbili zinaumiza figo na kushusha potasiamu, njo maana serumu inatangulia na labo inapima damu. Basi muulize bila haya: mugonjwa amepimwa kilo? Chupa imeandikwa nini? Munganga muzuri hakasirike.

Aseme pia kama anakunywa rifampisini ya kifua kikuu (sisi watu wa vumbi la mawe tunaijua), sababu inapunguza nguvu ya flukonazoli. Mama mwenye mimba naye aseme mapema.

Labo na serumu, nani analipa? Kodi ya Kazi ya 2002 inaweka matunzo ya mufanyakazi na jamaa yake juu ya mwajiri. Kampuni isiishie ku parasetamoli na barua ya kumutuma mugonjwa kwingine. Na kreze wa Kalima ao Punia, asiye na kandarasi? Koperative inayouza kasiterite yake imulete Kindu, imulipie labo. Hilo sisi wa sendika tutalidai mbele ya mabuti na kofia.