Mjadala wa Lugha ya Darasani Ufufuliwe, ila Uje na Faili Lake

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mabaya, hatukosi kuufukua mjadala wa lugha ya kufundishia. Redioni mmoja atasema Wachina na Wajapani wameendelea kwa lugha zao, mwingine atauliza watoto wetu wataajiriwa na nani. Ilikuwa hivyo Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipoambulia sifuri. Tulibishana hadi usiku, tukachoka, Bunge likaingia kwenye bajeti, kila mtu akashika lake. Tukirudi tena tunaanza mwanzo kabisa, kana kwamba hakuna aliyetutangulia kulisema jambo hili.

Kijana mmoja niliyemfundisha, naye sasa ni mwalimu, alinipigia simu majuzi. "Shikamoo, mwalimu. Hili la Kiswahili na Kiingereza si lilishaamuliwa enzi zenu? Tuachane nalo." Nilimuuliza liliamuliwa mwaka gani, na nani. Akacheka tu.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule za serikali tangu miaka ya themanini mpaka nilipostaafu, kwa hiyo sehemu kubwa ya faili hili nimeiishi. Mwaka 1980 iliundwa Tume ya Rais ya Elimu chini ya hayati Jackson Makweta. Ripoti ya 1982 ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili Januari 1985. Mwaka 1983 ikatangazwa kwamba mabadiliko hayo hayatakuwapo, na aliyetangaza ni Makweta mwenyewe, wakati huo akiwa Waziri wa Elimu. Mwaka 1984 watafiti wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaandika kwamba lugha hiyo haifai tena kufundishia katika hali iliyokuwa nayo. Ajabu ni kwamba dawa waliyoandika ni kuongeza Kiingereza. Uingereza ikagharamia mradi wa kukikuza, na Mwalimu Nyerere naye mwaka huohuo akakiita Kiingereza Kiswahili cha dunia.

Sera ya Elimu ya 1995 ikakiacha Kiingereza palepale sekondari. Miaka miwili baadaye Sera ya Utamaduni, ya serikali ileile, ikaahidi mpango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote. Sera ya Elimu ya 2014 ikarudia ahadi. Leo ukiingia kidato cha kwanza bado utapokewa kwa "gudi moningi, ticha", na baada ya hapo kimya.

Sasa niambieni, hapo kuna uamuzi? Mimi naona makabati mengi tu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mjadala huu ni mzee uachwe ufe. Lakini nakubaliana nao kwamba namna tunavyoufufua inachosha. Tunaufufua bila faili lake. Kila msemaji anadhani hoja yake imezaliwa asubuhi hiyo.

Chukua hoja ya istilahi. Hadi leo kuna watu wenye shahada nzuri wanaosema sayansi haisemeki kwa Kiswahili kwa kuwa maneno hayapo. Mwaka 1982 hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Waweza kuikosoa kamusi ile. Mimi mwenyewe kuna maneno ndani yake yaliyokuwa yakinikwama kooni. Huwezi kusema haipo. Anayetaka kutetea Kiingereza atafute hoja iliyozaliwa baada ya 1990, na zipo.

Sisi wa upande wa Kiswahili nasi tuna viporo vyetu. Habari ya Wajapani tumeichemsha mpaka imeisha ladha. Tume ya Makweta ilipokuwa ikiandika, hakukuwa na mama muuza mbogamboga anayekopa kwenye kikoba ili mtoto wake asome inglishi midiamu. Leo yuko kila mtaa. Yeye hakusubiri semina ya kuelimishwa uzalendo. Ameangalia nani anapata kazi, akatoa ada. Ukimwambia kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa, atakubali kwa kichwa na kesho yake ataamkia benki kulipa muhula wa pili. Mtetezi wa Kiswahili asiye na jibu kwa mama huyu bado anabishana na watu wa 1982.

Na darasani tunafanya nini hasa? Kila mwalimu anajua, ila mkaguzi akija tunajifanya hatujui. Tunaandika ubaoni kwa Kiingereza, tunageuka na kueleza kwa Kiswahili, wanafunzi wananakili cha ubaoni na kukumbuka cha mdomoni. Nilikuwa na binti mmoja aliyesimama akawaeleza wenzake kwa nini meli ya chuma inaelea na msumari unazama. Alieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi, akatumia ndoo na sufuria, hata wale wa nyuma wakanyamaza. Swali hilohilo likaja kwenye mtihani wa muhula. Aliandika nusu sentensi, akaikata, akaacha nafasi tupu. Nikampa alama ya karatasi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa kufanya.

Kwa hiyo nikiulizwa mjadala uanzie wapi safari hii, nitasema uanzie kwenye karatasi ya mtihani. Tusibadili lugha ya shule nzima kwa tamko la siku moja, maana matamko tumeyaona. Mtihani wa kidato cha nne wa fizikia, kemia, biolojia na hisabati uchapwe kwa lugha zote mbili, mtahiniwa achague. Somo la Kiingereza liendelee kufundishwa, tena lifundishwe kama lugha, na walimu wanaolimudu. Mama wa mbogamboga hatapoteza kitu: mtoto wake atajibu kwa Kiingereza alicholipiwa.

Nitaambiwa ni gharama, na kwamba usahihishaji utavurugika. Lakini Baraza la Mitihani tayari huandaa mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa sababu ya shule hizohizo za inglishi midiamu, na hutangaza matokeo ya wote kwa pamoja. Anayepinga na aanzie hapo, atueleze kwa nini linalowezekana darasa la saba lishindikane miaka minne baadaye.