Nyumba Ndefu na Njia ya Kutokea

Masaki ninakoandikia si ile ya rasi ya Msasani, yenye balozi na majumba yanayotazama bahari. Ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, nchi ya mikorosho na mihogo, ambako nyumba husimama juu ya ardhi na mlango wake hufunguka moja kwa moja uani. Hapa moto ukishika paa usiku hasara huwa kubwa, na pengine mwenye nyumba hubaki na nguo alizolala nazo tu, lakini aghalabu watu wote huwa wamekwisha kutoka kabla boriti ya kwanza haijaanguka, kwa sababu kati ya kitanda na uwanja pana hatua chache na hapana ngazi. Naanza na jambo hili kwa kuwa watoto wetu waliotoka Masaki, Msanga na Maneromango kwenda Dar es Salaam kutafuta riziki hawakai tena wote katika nyumba za namna hiyo. Wengi wamepanga katika maghorofa ya Kariakoo, Ilala na Upanga, na wengine wamebahatika kupata nafasi katika majengo ya serikali. Nao wamekwenda huko na mazoea ya nyumba ya chini, wakidhani ya kwamba siku ya moto watafanya kama walivyofanya wazazi wao, yaani watafungua mlango na kutoka.

Mtu aliye ghorofa ya nane hana uwanja mbele ya mlango wake. Ana korido, na mwisho wa korido ana ngazi, na usalama wake wote, pamoja na wa mkewe na watoto, umewekwa amana katika ngazi hiyo. Lifti haimfai, maana umeme ukikatika humfungia ndani yake kati ya ghorofa na ghorofa. Dirisha halimfai, maana hata katika miji yenye mali nyingi ngazi za kawaida za magari ya zimamoto hufika kiasi cha mita 30, ambazo ni kama ghorofa kumi, na hapo ni pale gari linapopata nafasi ya kusimama karibu na ukuta, nafasi ambayo katika mitaa ya Kariakoo haipatikani mchana wala usiku. Wala asidhani kwamba adui wake ni ndimi za moto. Walio wengi katika misiba ya majengo huuawa na moshi, kwa kuwa godoro la sponji, pazia la nailoni na meza ya mbao za gundi zikiungua hutoa hewa yenye sumu, ambayo kwa pumzi chache humlegeza mtu viungo na kumpotezea fahamu, ilhali moto wenyewe ungali chumba cha tatu. Moshi nao hupanda kwa njia ileile ambayo watu hushukia. Kwa hiyo ngazi isiyo na mlango mzito wa kujifunga wenyewe, unaoweza kustahimili moto kwa muda wa saa nzima au zaidi, si njia ya kutokea bali ni bomba la moshi lililojengwa kwa saruji.

Ninaye mpwa wangu anayekaa ghorofa ya sita ya jengo moja la Kariakoo, ambalo chini yake ni maduka, katikati ni stoo za wafanyabiashara, na juu ni makazi ya watu. Mlango wa wakaaji upo baina ya duka la vitenge na duka la vyombo, nao una grili ya kukunja ambayo ukifika usiku hutiwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mlinzi, ambaye huketi ng'ambo ya barabara penye kibaraza. Ngazi ya pili, iliyowekwa na mchora ramani kwa ajili ya dharura, imejaa marobota ya nguo toka chini hata ghorofa ya tatu, na mtu mwembamba huipita kwa ubavu. Mlango wa kutokea juu ya paa nao umefungwa, kwa kuwa matangi ya maji yapo huko na koki zilikuwa zikiibwa. Nilipomwuliza wangetokaje usiku, alinijibu kwa adabu: "Mjomba, mwizi huja kila siku, na moto huenda usije kabisa."

Jawabu hilo si la kupuuzwa, maana limetoka kwa mtu aliyekwisha kuibiwa, na kila mwenye insafu atakubali kwamba hofu ya mwizi ni hofu ya haki. Walakini limechanganya mambo mawili yasiyo na ulazima wa kwenda pamoja. Kumzuia wa nje asiingie ni jambo moja, na kumzuia wa ndani asitoke ni jambo jingine. Na mafundi wamekwisha kuyatenganisha tangu zamani, maana yapo makomeo ambayo kwa nje hayafunguki ila kwa ufunguo, na kwa ndani hufunguka mara mtu anaposukuma chuma kilichopita katikati ya mlango, hata akiwa mtoto, hata akiwa gizani. Vivyo hivyo nondo za madirisha: fundi awezaye kuzichomelea zote zisiondoke aweza pia kuiacha fremu moja iwe na bawaba na komeo la ndani. Madhali dawa ipo na mafundi wa Gerezani wanaweza kuitengeneza, kuendelea kuwafungia watu kwa kufuli kila usiku ni taksiri, na sioni neno jepesi zaidi linalostahili.

Johannesburg walilipia jambo hilihili. Tarehe 31 Agosti 2023 jengo la Usindiso, lenye ghorofa tano tu na mali ya jiji lenyewe, liliungua usiku watu wamelala, wakafa watu 76, wakiwamo Watanzania waliokwenda huko kutafuta maisha. Na miongoni mwa yaliyowaangamiza ni milango ya kutokea iliyofungwa na vyumba vilivyogawanywa kwa mbao na maturubai. Umaskini ulikuwa sehemu ya msiba ule, lakini haukuwa sehemu ya msiba wa London wa tarehe 14 Juni 2017 kwa namna ileile, maana jengo la Grenfell, lenye ghorofa 24 na ngazi moja tu, lilikuwa limetoka kukarabatiwa na kuvikwa ukutani mabamba mapya, ambayo ndani yake mlikuwa na plastiki. Moto ulioanza kwenye jokofu la ghorofa ya nne ulipata mabamba yale, ukafika kileleni kwa muda usiotimia nusu saa, na watu 72 wakafa, baadhi yao wakiwa wametii agizo la kukaa vyumbani wangoje. Mwezi wa Novemba 2025, katika moto wa maghorofa huko Hong Kong, mapovu ya plastiki yaliyotumika kuziba madirisha wakati wa ukarabati, na ving'ora visivyolia, vilichangia vifo vya zaidi ya watu 150. Nayataja haya kwa sababu sisi pia tumeanza kuyapenda majengo ya kung'aa kwa mabamba, na sijaona muuzaji wala mnunuzi anayeuliza ndani ya bamba mna nini.

Yapo na ya kwetu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua Soko Kuu la Kariakoo, na kila aliyeliona aliona jinsi shehena ya bidhaa inavyoulisha moto. Na bidhaa hizohizo sasa zimepandishwa juu kwenye stoo ambazo paa lake ni sakafu ya watu wanaolala. Fauka ya hayo, jiko limebadilika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwezi wa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo 2034, na sisi tunaoishi jirani ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi tunajua faida yake. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai dirishani bali hutanda sakafuni, ikateremka kwenye ngazi kungoja cheche. Nyumba yenye majiko arobaini yaliyopandana yataka mpira wa gesi unaokaguliwa kwa povu la sabuni, na mitungi isiyorundikwa chini ya ngazi kama ilivyo sasa mahali pengi.

Na maji ya kuzimia yatoka wapi? Yatoka Ruvu, huku kwetu Pwani, na mwaka 2022 mto ulipopungua jiji zima liliingia katika mgao. Siku za mgao matangi ya juu ya paa hukauka kwa kufua na kuoga. Tiba yake ni rahisi: koki ya matumizi ya nyumbani huwekwa juu kidogo kwenye tangi, na maji yaliyo chini yake yakabaki ya moto peke yake, yasifikiwe na mtu mwingine.

Sheria hatukukosa. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni ya mwaka 2007, na kanuni za mwaka uliofuata zimeweka ukaguzi na cheti. Tatizo ni kwamba cheti hukaa katika faili la mwenye nyumba, na mpangaji, ambaye ndiye atakayekuwamo ndani siku ya siku, hakijui. Ndiyo maana wengi hukihesabu kuwa kodi nyingine tu. Rai yangu ni kwamba cheti kibandikwe mlangoni, kwa Kiswahili, kikieleza tarehe ya ukaguzi, idadi ya ngazi zilizokutwa wazi, na kasoro zilizoamriwa kuondolewa. Na kwamba mzigo utakaokutwa ngazini uondolewe siku hiyohiyo kwa gharama ya mwenye mzigo. Kwa majengo ambayo kila sehemu ina hati na mwenyewe, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008, jumuiya ya wamiliki iwajibike kwa ngazi kama inavyowajibika kwa paa. Watakaosema kodi ya pango itapanda huenda wakawa wanasema kweli kwa king'ora na milango mizito, lakini kuondoa marobota na kubadili komeo hakuwezi kuwa sababu ya kumpandishia mtu pango.

Pa kuanzia ni penye mwenye nyumba mmoja aliye wa umma. Shirika la Nyumba la Taifa limekuwapo tangu 1962, na Magomeni Kota, zilizokabidhiwa 2022, zina nyumba 644 chini ya Wakala wa Majengo. Huko lifanyike zoezi la kushuka kwa ngazi, usiku, taa zikiwa zimezimwa, wazee na watoto wakiwamo, na askari wa zimamoto wakihesabu dakika. Na hesabu ile itangazwe magazetini, jengo kwa jengo, ili wenye majengo ya Kariakoo wajue watakachodaiwa mwaka utakaofuata.