Eti Kwao Kuna Uchawi!

Mwezi huu tuongelee ule mguno unaosikika pale unapowaambia wenzako ofisini kwamba umepata mchumba na kwao ni Kilosa. Mmoja anacheka, mwingine anakuvuta pembeni: "Mwenzangu, kule wanaroga. Ukienda usile kitu!" Angekuwa wa Tanga, Pemba au Sumbawanga, ungeambiwa hayohayo.

Cha kuchekesha, washauri haohao wakipata wikiendi ndefu wanakwenda Mikumi kupiga picha na tembo, na Mikumi iko ndani ya wilaya hiyohiyo ya Kilosa. Huko hakuna anayeogopa kula. Kumbe woga unaanza pale safari inapokuwa ya ukweni.

Na hilo si jambo geni. Mwaka 1963 msomi wa Kimarekani, T. O. Beidelman, alichapisha utafiti wake kuhusu imani za uchawi kwa Wakaguru, wenyeji wa maeneo ambayo leo ni wilaya za Kilosa na Gairo. Walimweleza kwamba mchawi hufanya kila kitu kinyume: anatembea kichwa chini miguu juu, anacheza uchi usiku. Lakini angalia waliokuwa wananyooshewa kidole: ndugu, jirani, mke mwenza, au yule aliyefanikiwa kuliko wenzake. Watu wa karibu, wenye kinyongo ambacho hakijasemwa.

Wazungu nao wamo. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692 watu 20 waliuawa kwa tuhuma za uchawi: 19 walinyongwa na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe hadi kufa. Wengi walitajwa na watu waliokuwa wanawafahamu vizuri tu. Leo mji huo unaingiza watalii kwa historia hiyohiyo.

Sasa rudi nyumbani kwako. Mume akimtumia mama yake pesa kila mwezi, eti kalishwa kitu. Mke akisikilizwa sana, eti kampa mumewe limbwata. Mjomba wa mchumba wako akiwa na sauti kuliko baba mzazi, eti ndiye mwenye mambo yake. Jamani! Kwa Wakaguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba kuwa na kauli ni mila tu. Ungeuliza, ungejibiwa.

Neno hili si la mzaha. Hapa Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, wakati wengi wao ni moshi wa kuni za miaka mingi uliowaharibu. Ndiyo maana Sheria ya Uchawi, iliyotungwa tangu mwaka 1928, inambana hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi ovyo ovyo.

Kwa hiyo, kabla ya safari kaeni chini wawili. Mwambie mwenzako kinachokutisha, bila kumtukania kwao. Naye aliyezaliwa huko asinune. Aeleze nani ni nani, nani ana kauli gani, na ugomvi gani wa zamani bado unafuka moshi. Na kama shida ni pesa za mama mkwe, ongeeni pesa. Ukishaiita uchawi, utaishia kwa mganga na bajeti itabaki palepale.

Ukifika, kumbuka kwamba kukataa chakula cha mkwe ni tusi ambalo halitasahaulika hadi wajukuu. Kama wewe ni mtu wa sala, sali. Kisha nawa mikono, ule.

Tukutane mwezi ujao.